Kona ya Msafiri: Yellowstone kwa siku moja inawezekana, ila acheni uroho

Mwezi huu maswali ni ya Yellowstone tu, nadhani ni kwa sababu shule zinakaribia kufungwa na kila Mswahili anayeishi Marekani ana mgeni wa kumtembeza. Kwa msomaji wa Mbeya au Mombasa asiyejua tunaongelea nini, ni hifadhi ya taifa iliyoanzishwa tarehe 1 Machi 1872, ya kwanza kabisa duniani kupewa jina hilo, karibu kilomita za mraba 9,000, sehemu kubwa iko jimbo la Wyoming na pembeni imegusa Montana na Idaho. Chini yake kuna moto wa volkano na juu yake kuna wanyama. Kuna vitu vya maji moto zaidi ya 10,000 ukihesabu chemchemi, matope yanayotokota na matundu ya mvuke, na zile chemchemi zinazofyatua maji juu, wenyewe wanaita gaiza, kama 500 hivi ziko hapo, yaani zaidi ya nusu ya zilizopo dunia nzima. Haya tuanze.

SWALI: Shikamoo anko. Naishi Salt Lake City, mwezi wa sita wazee wangu wanakuja kutoka Tanga, baba ana miaka 71 na mama magoti yanamsumbua. Kazini nimepata ofu ya siku mbili tu. Wenzangu wanasema kwenda Yellowstone kwa siku moja ni kuchoma mafuta bure. Ni kweli? – Binti wa Chumbageni, Utah

JIBU: Marahaba binti. Wenzako wamekosea, lakini najua kwa nini wanasema hivyo, walienda kama nilivyoenda mimi mara ya kwanza.

Mimi safari ya kwanza nilichukua ramani nikaona kuna barabara ya mzunguko, imekaa kama namba nane, maili 142, nikajisemea hii naimaliza mchana mmoja, kwani maili 142 si kitu, Dar mpaka Korogwe nimeendesha mara ngapi. Sasa spidi ya mle ndani mwisho ni maili 45 kwa saa, halafu kila baada ya muda unakuta foleni, ukidhani ni ajali kumbe ni mnyama mmoja tu kasimama katikati ya lami anawaza yake. Tulizunguka kutwa nzima. Watoto walilala nyuma, mke wangu aliona shingo yangu kuliko alivyoona hifadhi, na Old Faithful tulifika watu ndo wanatawanyika kama wametoka mpirani, tumeikosa kwa dakika tano. Inayofuata saa moja na nusu mbele. Nikasema twende tutarudi siku nyingine. Mama watoto hakunijibu, akakaa kimya mpaka Pocatello, na wanaojua ramani wanajua hapo ni mbali.

Kwa hiyo wewe chukua nusu ya chini tu, ile nusu ya juu iache, usiionee hata huruma.

Kutoka kwako hadi mji wa West Yellowstone ulioko getini ni kama maili 320, masaa manne na nusu mpaka matano bila kusimama, na wazee lazima wasimame. Usitoke alfajiri ukategemea kuingia siku hiyohiyo. Siku ya kwanza toka mchana, laleni Idaho Falls, hapo ni chini ya masaa mawili kufika getini na kwa kawaida vyumba si ghali kama pale mlangoni. Jaza mafuta sheli ya nje. Kesho yake saa kumi na mbili na nusu asubuhi muwe mmepita geti, nasema hivyo kwa sababu ikifika saa nne paking za sehemu maarufu zimejaa na utaanza kuzunguka kama teksi.

Ukishaingia, moja kwa moja Old Faithful, maili 30. Usishawishike na kitu njiani. Old Faithful ndo gaiza maarufu kuliko zote, siku hizi inafyatuka kila baada ya dakika 90 hivi, inaweza ikawahi au ikachelewa, na renja (walinzi wa hifadhi) wanatabiri saa yake, ubao uko kwenye jengo la wageni na kwenye programu ya simu ya idara ya hifadhi, ila ipakue nyumbani maana netiweki mle ndani ni ya kubahatisha. Wanatabirije? Wanapima iliyopita ilidumu muda gani. Ikimwaga kwa muda mfupi inarudi mapema, ikimwaga muda mrefu inachukua muda kujijaza. Rahisi tu, kama tenki la juu ya nyumba.

Kwa magoti ya mama pale ni pazuri, kutoka paking ni tambarare na kuna mabenchi. Fika dakika 30 kabla mkae mstari wa mbele, toeni chai ya thermos na chapati, mngoje. Huu muda wa kungoja wengi wanauona wa hasara, mimi naona ndo safari yenyewe. Kwanza inakohoa. Maji yanaruka kimo cha mtoto yanarudi, watu wanashtuka wananyanyua simu, kimya. Inakohoa tena. Watu wanashusha simu, mzee mmoja nyuma yako anaanza kulalamika. Halafu ghafla inanyanyuka na hairudi, inapanda na kupanda, mita 32 ikiwa mvivu na mita 56 ikiwa na nguvu, na kwa asubuhi ya baridi ule mvuke unafanya ionekane kubwa mara tatu. Kitu ambacho video haitoi ni sauti, maji yanarudi chini kwenye jiwe kama mvua kubwa imeanza kijiji cha jirani. Na harufu ya yai viza, mwambie mama mapema asije akafikiri ni mtu.

Baada ya hapo ndo mnarudi nyuma kidogo kuiona Grand Prismatic, ile chemchemi yenye rangi za upinde wa mvua unayoiona kwenye kalenda. Usiende asubuhi sana! Hewa ikiwa baridi mvuke unafunika kila kitu, utaona ukungu mweupe na watu wanaopiga picha ukungu. Nenda saa tano kuendelea jua likiwa juu. Ina upana wa mita 110 hivi, katikati ni bluu kwa sababu pale pana joto kali wale vijidudu wenye rangi hawawezi kuishi, na kadiri maji yanavyopoa kuelekea pembeni unapata njano, chungwa, kahawia, kila rangi ni kundi la vijidudu wanaopenda joto lao. Kuna kilima cha kuiangalia kwa juu, ni kupanda, wewe nenda na baba kama ana pumzi, mama abaki njia ya mbao chini.

Mchana uende Canyon, lile korongo kubwa, maporomoko yake ya chini ni mita 94, sehemu inaitwa Artist Point kutembea ni kidogo na pamesakafiwa. Jioni mteremke bonde la Hayden kutafuta wanyama, kisha mrudi geti mliloingilia. Mwezi wa sita jua linazama saa tatu usiku, kwa hiyo muda upo, kazi yako itakuwa kumweleza mama kwa nini magharibi haifiki.

Mavazi: Old Faithful iko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, ni juu kuliko Lushoto kwa mbali. Mwezi wa sita theluji inaweza kudondoka. Khanga peke yake haitoshi, mama avae sweta na soksi, mchana atazivua.

SWALI: Kaka mukubwa, jambo. Niko Missoula na familia, watoto tatu, tulitoka Bukavu. Watoto wameona kwa simu watu wanapiga picha karibu sana na nyati, sasa na wao wanataka. Wanasema ni kama ng'ombe tu. Niwaambie nini? – Papa wa watatu, Montana

JIBU: Papa, waambie ng'ombe hana kilo 900.

Huyu mnyama wa kule anaitwa baisani, sisi tunamwita nyati kwa sababu hatuna jina jingine ila si mbogo wetu, huyu ana nundu begani na ndevu na kichwa kikubwa kama kimefungwa kwa makosa kwenye mwili usio wake. Anavyokula majani taratibu unaona kama amelewa usingizi. Lakini anakimbia maili 35 kwa saa, hakuna mwanadamu wa kumkimbia, na ndani ya Yellowstone ndo mnyama aliyejeruhi watu wengi kuliko dubu au mwingine yeyote. Karibu kila mwaka kuna mtu anarushwa hewani, na mara nyingi alikuwa na simu mkononi.

Sheria ni yadi 25, yaani mita 23, kwa nyati na wanyama wengine wakubwa, na yadi 100, mita 91, kwa dubu na mbwa mwitu. Watoto hawajui mita 23 ni nini, waambie ni kama mabasi mawili ya shule yakifuatana mkia kwa kichwa. Halafu wafundishe kuangalia mkia. Mkia ukining'inia anatulia, mkia ukinyanyuka juu, rudini nyuma wala msingoje renja awaambie.

Sasa usidhani nawatisha ili mkae mbali msione kitu. Mwaka juzi tulikuwa bonde la Hayden foleni imesimama, kundi linavuka, nikazima gari nikapandisha vioo. Dume moja likaja pembeni ya mlango wangu, mwendo wa mtu anayetoka sokoni na hana haraka, manyoya yake ya baridi yananyofoka vipande vipande kama godoro la sufi lililochanika, pumzi yake ikaacha ukungu kwenye kioo changu, kwa nje. Jicho lake lilikuwa pale, mkono mmoja kutoka kwangu, la kahawia, na hakuniangalia hata mara moja. Mwanangu wa mwisho alishika pumzi mpaka likapita. Ndani ya gari ruhusa kukaa na kuwasubiri wapite wenyewe, hiyo picha watoto wataipata bila kuvunjika mbavu.

Na lingine, wasiguse ndama hata akionekana kapotea. Mwaka 2016 kuna wageni walimwona ndama wa nyati wakaona anasikia baridi, wakampakia kwenye gari wampeleke kwa renja. Nia njema kabisa. Kundi lake likamkataa, akawa anafuata magari barabarani, mwishowe hifadhi ikabidi imuue. Wakati mnyama huyu mwaka 1902 mle ndani walibaki kama dazeni mbili tu, wengine wote walikuwa wamemalizwa kwa bunduki, leo wako maelfu. Kila ndama ana historia nyuma yake.

Mbwa mwitu kama wanataka kuwaona, waambie ukweli, kwa siku moja ni bahati. Wanakaa zaidi bonde la Lamar upande wa kaskazini, na wewe kutoka Missoula unaweza kuingilia geti la kaskazini la Gardiner, ila uende alfajiri na darubini. Wa mwisho waliuawa mwaka 1926, wakarudishwa kutoka Kanada mwaka 1995 wakaletwa 14 na mwaka uliofuata 17, hawa wa leo ni uzao. Ni mbwa mwitu wa baridi, wa kijivu na weusi, tofauti na mbwa mwitu wetu wenye mabaka.

Dawa ya kupuliza dubu ibebeni kiunoni kama mnatoka barabarani kutembea porini. Inapulizwa kwa dubu akija, hampaki mwilini. Usicheke, kuna watu waliipaka.

SWALI: Habari ya kazi. Mimi niko chuo Nakuru, ziwa Bogoria nimeenda mara tatu na kila mara tunachemsha mayai kwa yale maji ya moto. Nauliza, Yellowstone wanaruhusu? Na mbona maji yanaruka badala ya kuchemka tu kama sufuria? – Mpenda Mayai

JIBU: Hapana, hawaruhusu, na wako siriasi. Agosti 2020 renja alifuatilia kundi la watu waliokuwa wanatembea na sufuria kuelekea chemchemi za Shoshone, akakuta kuku wawili wasiokatwa vipande ndani ya gunia wamezamishwa kwenye maji moto wanapikika. Kesi ikaenda mahakamani, faini, na wahusika wakapigwa marufuku kukanyaga hifadhi miaka miwili. Kuku wawili, miaka miwili, hesabu mwenyewe.

Sababu si ubahili. Kuna bwawa linaitwa Morning Glory lilikuwa bluu tupu, watu wakatupa sarafu na takataka kwa miaka mingi mpaka njia ya maji ikaziba, joto likapungua na rangi ya njano ikaingia kutoka pembeni, halijarudi lilivyokuwa. Na wale vijidudu wa maji moto si wa kuchezea, mwaka 1966 mwanasayansi Thomas Brock alichota sampuli mle ndani akapata bakteria anayeishi kwenye joto, na kimeng'enya chake ndo kilichokuja kuwezesha kipimo cha PCR. Ule ujiti wa korona tuliochokonolewa puani wote, ulifanyiwa kazi kwa msaada wa dimbwi la Yellowstone.

Hatari nyingine ni ngozi ya ardhi. Ile karibu na chemchemi inaonekana ngumu kumbe ni gamba jembamba, chini maji yanatokota. Zaidi ya watu 20 wamekufa kwa kuungua humo tangu hifadhi ianze. Mmoja mwaka 2016 alitoka kwenye njia ya mbao kule Norris kutafuta pa kuoga, akateleza, na kesho yake hawakupata mwili wa kuchukua. Kwa hiyo njia ya mbao ni sheria, hata kofia ikipeperuka iache iende.

Kuhusu kuruka, fikiria presha kuka. Maji ya mvua na theluji yanashuka chini mpaka karibu na miamba ya moto, yanapata joto lililopita kiwango cha kuchemka lakini hayawezi kuchemka, kwa sababu maji yaliyo juu yake yanayakandamiza, na bomba lenyewe la mwamba lina sehemu nyembamba. Joto linaendelea. Mwisho maji kidogo ya juu yanamwagika (ndo kule kukohoa nilikosema), uzito unapungua, na yale ya chini ghafla yanapata nafasi yanageuka mvuke kwa mpigo mmoja, yanasukuma kila kitu nje. Likiisha, bomba linajaza upya. Chemchemi ya kawaida haina hiyo sehemu nyembamba, ndo maana inatokota tu kama sufuria yako. Na kule juu maji yanachemka kwenye nyuzi 93 tu kwa sababu ya mwinuko, hata yai lako lingechelewa.

Bogoria usiidharau lakini. Pale Loburu gaiza mnazo, za kweli, ni nchi chache Afrika zilizo nazo, na flamingo Yellowstone hana. Shida ni ziwa lilivyopanda miaka hii, baadhi ya chemchemi zimemezwa na maji. Nenda na kamera safari hii, mayai yaache nyumbani.

SWALI: Kaka, natokea Dar naenda kwa dada yangu Denver. Nimesikia wageni sasa wanalipishwa bei tofauti. Ni kweli au ni maneno ya mtandaoni? – Mgeni Mtarajiwa

JIBU: Ni kweli. Zamani gari binafsi lilikuwa linalipa dola 35 linakaa siku saba, uwe umetoka Dar au Denver. Tangu 1 Januari 2026 asiye mkaazi wa Marekani kuanzia miaka 16 anaongezewa dola 100 kwa kichwa kwenye hifadhi 11 kubwa, Yellowstone ikiwemo, au anunue pasi ya mwaka ya wageni dola 250. Mkaazi pasi yake ya mwaka imebaki dola 80, ila aonyeshe kitambulisho cha serikali ya Marekani. Ukienda pia Grand Teton, ambayo iko kusini ya Yellowstone na inatoza hivyohivyo, piga hesabu ya pasi. Kanuni ni mpya, soma tovuti ya hifadhi wiki unayoondoka.

Watu wamepiga kelele sana na mimi nilicheka kidogo. Sisi Serengeti na Ngorongoro bei ya mgeni na bei ya mwenyeji ni mambo ya kale, Mmarekani analipa dola na sisi tunalipa shilingi, hakuna aliyeshangaa. Leo zamu yetu.

Na angalia mwezi. Kuanzia mapema Novemba hadi katikati ya Aprili barabara nyingi za ndani zimefungwa kwa magari ya kawaida, iliyobaki wazi ni ile ya kaskazini tu kati ya Gardiner na Cooke City. Ukija Krismasi ukasema unaendesha mpaka Old Faithful, hufiki.

SWALI: Je volkano ikilipuka siku nimeenda? – Mwoga wa Kisumu

JIBU: Mlipuko mkubwa wa mwisho ulikuwa miaka kama 640,000 iliyopita na lava ya mwisho kutiririka ni miaka 70,000, na kuna wataalamu wanaipima usiku na mchana. Haikungoji wewe. Kinachotokea ni milipuko midogo ya maji na mvuke, kama ule wa Biscuit Basin tarehe 23 Julai 2024, mawe na matope yakaruka watu wakakimbia, njia ya mbao ikavunjika ila hakuna aliyeumia. Ukiona sehemu imefungwa utepe, usiruke utepe.

SWALI: Anko samahani hili swali ni la aibu, vyoo vipo? – Mama wa mapacha, Boise

JIBU: Si aibu, ndo swali la maana kuliko yote humu. Vipo, paking nyingi kubwa zina choo, ila nyingi ni cha shimo bila maji. Karatasi beba, maji ya kunawia beba kwenye dumu, na kabla ya kukaa kungoja Old Faithful wapeleke mapacha kwanza, wote wawili, hata anayesema hana haja.